Alizeti Iliyogeuka: Somo Kuhusu Mafuta Tunayopikia

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunaingia jikoni. Tutajifunza juu ya mafuta ya kula, hasa yale yanayotoka katika mbegu zilizogeuka, yaani mbegu ambazo chembe zake za urithi zimebadilika na kwa sababu hiyo mafuta yake si kama yale ya zamani.

Kwa nini tumechagua somo hili? Sisi wauguzi tunaohudumia kliniki ya shinikizo la damu na kisukari tunasikia maneno ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba mbegu yoyote iliyobadilika ni sumu, kwamba inaleta saratani na ugumba. Hao huacha mafuta ya mbegu kabisa na kurudia mafuta ya kuganda. Wapo wengine wanaosema kwamba mafuta mapya ya alizeti ni dawa ya moyo, mtu anywe kijiko asubuhi na kijiko jioni. Hao hununua chupa ya bei kubwa, kisha wanaacha vidonge vyao vya shinikizo. Makundi yote mawili yanaumia, na hili la pili tumeliona likipelekea watu kupooza. Kwa hiyo tusome pole pole, ili kila mama na kila baba ajue kilichomo ndani ya chupa iliyo jikoni kwake.

1. MAFUTA NI NINI?

Chukua mfano wa kuni. Mafuta yote, yawe ya nazi, ya ng'ombe, ya mawese au ya alizeti, yameundwa kwa vijiti vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijiti hivyo huitwa asidi za mafuta. Vijiti vitatu hufungwa pamoja kwenye kishikizo kimoja, na mafungu hayo mengi yasiyohesabika ndiyo tone la mafuta.

Vijiti vingine vimenyooka. Kuni zilizonyooka hupangika vizuri, zinabanana, mzigo unakuwa mgumu. Ndivyo yalivyo mafuta yanayoganda, kama samli, shahamu ya ng'ombe na mafuta ya nguruwe. Mafuta ya nazi nayo yana vijiti vilivyonyooka zaidi ya asilimia 80. Mawese yana karibu nusu.

Vijiti vingine vimepinda. Kuni zilizopinda hazipangiki, zinaacha nafasi, mzigo unalegea. Ndiyo maana mafuta ya alizeti au ya karanga ni majimaji. Kijiti chenye pindo moja huitwa asidi ya oleiki. Chenye mapindo mawili huitwa asidi ya linoleiki. Chenye mapindo matatu huitwa asidi ya linoleniki.

Tukumbuke mambo mawili juu ya mapindo. Kwanza, vijiti vilivyonyooka vikizidi katika chakula vinapandisha lehemu mbaya katika damu, na lehemu hiyo hujenga utando ndani ya mishipa. Vilivyopinda, vikichukua nafasi ya vile vilivyonyooka, vinaishusha. Pili, kwenye pindo ndipo kijiti kinapokuwa dhaifu. Hewa, mwanga na moto huanza kukishambulia hapo. Mafuta yenye mapindo mengi huchacha upesi, na yakikaangiwa kwa muda mrefu huharibika upesi. Mafuta yenye pindo moja tu yanavumilia zaidi.

2. MAFUNDI WATATU NDANI YA MBEGU

Sasa tuone mbegu inavyotengeneza mafuta yake. Ndani ya kila mbegu kuna vimeng'enya, ambavyo tunaweza kuviita mafundi. Kila fundi ana kazi moja tu, na kila fundi anatokana na chembe yake ya urithi. Chembe hiyo ikiharibika au ikinyamaza, fundi hafiki kazini.

Mbegu ikisha kutengeneza kijiti chenye pindo moja, huja fundi wa kwanza akaongeza pindo la pili. Fundi wa pili huongeza pindo la tatu. Katika mimea mingine, hasa ile ya ukoo wa haradali na kabichi, yuko fundi wa tatu ambaye haongezi pindo bali hurefusha kijiti. Kijiti cha kawaida kina atomu za kaboni 18. Yeye hukifikisha 20, kisha 22.

Jambo hili lilionekana waziwazi katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Ni gugu tu, halina faida sokoni, na mbegu zake ni ndogo kuliko za mchicha. Lakini linakua haraka, na wanasayansi wanalipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1990 Lemieux, Miquel, Somerville na Browse, waliofanya kazi Marekani, walitangaza mimea ya gugu hilo ambayo mafuta ya mbegu zake yamegeuka. Mmoja ulikosa fundi wa kwanza, mwingine ulikosa fundi wa pili, mwingine fundi wa kurefusha. Kutokana na gugu hilo, katika miaka iliyofuata chembe za urithi za mafundi hao zilianza kujulikana moja baada ya nyingine.

Tena gugu hilo lilifundisha kwamba mafuta yana kazi yake katika maisha ya mmea wenyewe. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba mimea iliyokosa kabisa fundi wa kwanza, katika majani na mizizi pia, ilikua vizuri penye joto, lakini ilipowekwa kwenye baridi ya nyuzi 6 za sentigredi ilidhoofika na kufa. Mapindo ndiyo yanayofanya ngozi za seli zibaki laini wakati wa baridi. Hivyo mmea hauongezi mapindo kwa bure. Ukiyaondoa, kuna gharama inayolipwa mahali fulani.

3. ALIZETI YA KRASNODAR

Alizeti asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji waliilima maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kuipeleka Ulaya katika karne ya 16. Huko Ulaya ilikuwa kwanza ua la bustani. Urusi ndiko ilikogeuzwa zao kubwa la mafuta, katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba mfungo wa Kanisa la Kiorthodoksi ulisaidia, kwa kuwa siku za mfungo waamini hawakula siagi wala mafuta ya nguruwe, na alizeti ilikuwa mgeni asiyekatazwa na mtu.

Katika karne ya 20, mtaalamu Pustovoit wa Krasnodar, kusini mwa Urusi, alichagua mbegu bora mwaka baada ya mwaka hata akaongeza mafuta kutoka karibu theluthi moja ya uzito wa mbegu hadi karibu nusu. Lakini aina ya mafuta ilibaki ile ile, yenye mapindo mawili kwa wingi.

Ndipo mwenzake katika chuo hicho cha Krasnodar, Soldatov, alipochukua mbegu za alizeti na kuzilowesha katika kemikali iitwayo dimethili salfeti. Kemikali hiyo huvuruga chembe za urithi, huku na huku, bila mpango. Mbegu nyingi zinazotendewa hivyo hazifai: nyingine hufa, nyingine huzaa mimea dhaifu. Kazi ya mtaalamu ni kuzipanda zote, kupima mafuta ya kila ukoo, na kutupa karibu zote. Katika uzao wake Soldatov alipata mimea yenye asidi ya oleiki kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1976 alitangaza aina mpya iliyoitwa Pervenets, neno la Kirusi lenye maana ya mzaliwa wa kwanza. Jina lilifaa. Sehemu kubwa ya alizeti yenye oleiki nyingi inayolimwa duniani leo ni uzao wa mzaliwa huyo.

Tofauti yake ni hii. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kati ya asilimia 48 na 74, na oleiki kati ya 14 na 39. Mafuta ya alizeti iliyogeuka yana oleiki asilimia 75 hadi 90. Fundi wa kwanza amenyamaza. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba chembe yake ya urithi ilijirudia, ikawa kama maelekezo yaliyoandikwa mara mbili yakavurugana, na seli ikayafuta. Lakini imefanyika hivyo katika mbegu inayokomaa tu. Majani na mizizi bado yana fundi wake, ndiyo maana alizeti hiyo haipatwi na yale yaliyolipata gugu kwenye baridi.

Hapa kwetu wakulima wa Singida na Dodoma wanaijua alizeti kuliko sisi, na mafuta yake yamefika katika jiko la karibu kila parokia. Tusidhani kwamba dumu la alizeti iliyokamuliwa kijijini ni lazima liwe na mafuta yaliyogeuka. Alizeti ya kawaida ndiyo ya kawaida. Hata hivyo kuna jambo la kupendeza: alizeti ya kawaida ikikomaa wakati wa joto huwa na oleiki zaidi, na ikikomaa wakati wa baridi huwa na linoleiki zaidi, kwa sababu joto linampunguzia nguvu fundi wa kwanza. Mbegu ile ile, mashamba mawili, mafuta mawili.

4. RAPA YA KANADA

Tuvuke bahari twende Kanada. Huko hulimwa rapa, mmea wa maua ya njano ulio ndugu wa kabichi na haradali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafuta yake yalitafutwa sana kwa ajili ya mitambo ya meli za mvuke, maana yananata kwenye chuma hata kikipigwa na maji na mvuke. Vita vilipokwisha, wakulima walibaki na zao lisilo na soko. Je, watu wale mafuta hayo?

Kulikuwa na tatizo. Kati ya asilimia 40 na 50 ya mafuta ya rapa ya wakati huo ilikuwa asidi ya eruki, kile kijiti kirefu cha kaboni 22. Panya waliolishwa mafuta hayo kwa wingi walijaa mafuta katika misuli ya moyo, na wengine wakapata makovu moyoni. Haikuthibitishwa kwamba binadamu hupatwa na ugonjwa huo, lakini wenye busara hawakutaka kungoja wajaribu kwa watoto wao.

Wataalamu wawili, Keith Downey wa Saskatoon na Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba, walianza kutafuta rapa isiyo na eruki. Hawakuloweka mbegu katika kemikali. Walipekua mbegu za aina nyingi, na katika aina moja ya Kijerumani iitwayo Liho, iliyolimwa kwa malisho ya mifugo, wakakuta mimea yenye eruki kidogo sana. Mabadiliko yalikuwa yamekwisha kutokea yenyewe. Fundi wa kurefusha alikuwa haji kazini, wala hakuna aliyekuwa amemtambua.

Tuwaeleze jinsi walivyopima, kwa sababu inafanana na kazi yetu ya maabara, ambapo tone moja la damu kidoleni linaeleza hali ya mwili mzima. Mbegu ya rapa ni duara dogo kama punje ya ulezi. Mwaka 1963 Downey na mwenzake Harvey walieleza njia ya kukata kipande cha mbegu kwa wembe mdogo, kupima mafuta ya kipande hicho kwa mashine, na kupanda sehemu iliyobaki, nayo ikaota. Hivyo mbegu ilipimwa bila kuuawa. Mwaka 1968 ilitoka aina ya kwanza yenye eruki kidogo, jina lake Oro. Mwaka 1974 Stefansson alitoa aina iitwayo Tower, iliyopunguzwa pia vitu vikali vilivyokuwa vikifanya makapi yake yasiwafae mifugo. Mwaka 1978 mafuta hayo yalipewa jina jipya, kanola. Leo, ili mafuta ya rapa yaitwe ya eruki ndogo katika biashara ya chakula duniani, eruki isizidi asilimia 2.

Na ile rapa ya zamani? Bado inalimwa mahali pengine kwa ajili ya viwanda na mitambo. Haikuwa mmea mbaya. Ilikuwa imewekwa kwenye sufuria isiyo yake.

5. KITANI NA KARANGA

Mfano wa tatu ni kitani, mmea unaotoa nyuzi za nguo. Zaidi ya nusu ya mafuta ya mbegu zake huweza kuwa vijiti vya mapindo matatu. Kwa hiyo hukauka upesi yakipigwa na hewa, na mafundi rangi waliyapenda tangu zamani. Kwa kukaangia hayafai. Katika miaka ya 1980 Allan Green wa Australia alitumia kemikali kugeuza mbegu za kitani, akapata mimea miwili, kila mmoja ukiwa umepunguza mapindo matatu kwa kiasi cha nusu. Kumbe kitani kina mafundi wawili wa kazi ile ile, na kila mmea ulikuwa umempoteza mmoja. Alipoizalisha pamoja, katika wajukuu akapata kitani kilichowapoteza wote wawili, na mapindo matatu yakashuka chini ya asilimia 2. Mafuta ya rangi yakawa mafuta ya kula.

Mfano wa nne ni karanga, tunazozijua sote. Karanga za kawaida zina oleiki karibu nusu ya mafuta yake. Mwaka 1987 wataalamu wa Florida, Marekani, walitangaza karanga zenye oleiki karibu asilimia 80, zilizogeuka zenyewe bila kemikali. Aina ya kupanda kutoka ukoo huo, SunOleic 95R, ilitolewa mwaka 1995. Faida yake kubwa ni kwamba karanga hizo hukaa muda mrefu bila kuchacha. Lakini tahadhari: oleiki haizuii ukungu. Karanga zilizovuna unyevu huota ukungu na kupata sumukuvu, ziwe za zamani au zilizogeuka. Zikaushwe vizuri, na zilizooza au kubadilika rangi zisiliwe wala kukamuliwa.

6. JE, MBEGU HIZI NI SUMU?

Sasa tujibu kundi la kwanza.

Mabadiliko katika chembe za urithi hutokea kila siku, katika kila shamba, bila mkono wa mtu. Rapa na karanga zimeonyesha hivyo. Alizeti na kitani vililoweshwa kemikali, lakini ni mbegu za mwanzo tu, miaka mingi iliyopita. Zile zilizoloweshwa zilizaa, watoto wakazaa, na vizazi vingi vimepita. Katika mbegu ya leo haimo ile kemikali. Kilichorithiwa ni kukosekana kwa fundi mmoja au wawili.

Wengine huuliza kama mbegu hizi zimewekewa chembe za urithi za kiumbe kingine. Katika mifano yote minne tuliyoieleza, hapana. Ipo njia hiyo nyingine: mwaka 1994 Marekani iliruhusu rapa iliyowekewa chembe ya urithi ya mti wa California ili itoe mafuta yanayokaribia ya nazi. Hiyo ni habari tofauti, isichanganywe na hii.

Tena kula mbegu iliyogeuka hakumgeuzi mlaji. Kila tunapokula mchicha au dagaa tunakula chembe zake za urithi, na tumbo linazisaga kama linavyosaga chakula kingine. Hakuna mama aliyeota majani kwa kula kisamvu.

7. JE, NI DAWA?

Kundi la pili nalo lisikie. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mafuta yenye oleiki asilimia 70 au zaidi yaandikwe kwamba gramu 20 kwa siku, yaani kama kijiko kikubwa kimoja na nusu, huenda zikapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Lakini iliweka masharti. Iliamuru iandikwe kwamba ushahidi unaunga mkono jambo hilo ila si wa mwisho, na kwamba faida inapatikana pale tu mafuta hayo yanapochukua nafasi ya mafuta ya kuganda, bila kuzidisha jumla ya chakula cha siku.

Neno lenye uzito hapo ni kuchukua nafasi. Mtu anayekula nyama ya mafuta na samli kama kawaida, kisha akaongeza vijiko viwili vya alizeti, amejiongezea mzigo. Kila gramu ya mafuta, ya bei kubwa au ndogo, ina kalori 9. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120.

Tusidharau pia alizeti ya kawaida. Asidi ya linoleiki na ya linoleniki ni lazima zitoke katika chakula, kwa sababu mwili wa binadamu hauna mafundi wa kuzitengeneza. George na Mildred Burr walionyesha mwaka 1929 kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa waliugua ngozi na kudumaa. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na nayo hushusha lehemu mbaya yakichukua nafasi ya mafuta ya kuganda. Familia isiyo na uwezo wa kununua chupa ya oleiki haijakosa afya.

Hakuna mafuta yanayofanya kazi ya kidonge cha shinikizo. Anayetumia dawa aendelee nayo, na kama anataka kupunguza, azungumze kwanza na mganga wake.

8. KILE CHENYE FAIDA KUBWA

Mnaweza kuuliza: basi mbegu hizi zina faida gani hasa? Faida kubwa iko kwenye moto na kwenye ghala. Zamani viwanda vilitaka mafuta ya mbegu yasiyoharibika, vikayagandisha kwa hewa ya haidrojeni. Kazi hiyo isipokamilika, baadhi ya vijiti vilivyopinda vinanyooshwa kwa nguvu, navyo huitwa mafuta ya transi. Hayo ni mabaya kuliko yote: yanapandisha lehemu mbaya na kushusha lehemu nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito kwamba yaondolewe katika chakula duniani kote. Mafuta yenye oleiki nyingi yanavumilia kukaangiwa bila kupitia huko. Hivyo fundi mmoja akikosekana katika mbegu, kiwanda hakina haja ya kunyoosha vijiti.

9. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Ukiona mafuta yoyote, jiulize maswali mawili: ndani yake mna nini, na nitayatumia kwa kazi gani?

Kwa mchuzi na mboga za kila siku, alizeti ya kawaida inatosha. Kwa wanaokaanga sana, kama mama ntilie na wauza chipsi, mafuta yenye oleiki nyingi yanafaa zaidi yakipatikana kwa bei ya kuwezekana. Hata hayo hayadumu milele. Yakiwa meusi, yakitoa povu, yakinata au yakifuka moshi mapema, yamwagwe.

Yahifadhi mafuta mbali na jua, katika chombo kilichofunikwa. Madumu yanayopangwa juani kando ya barabara yanaharibika kabla hayajafika nyumbani. Yakinuka kama rangi ya kuta au kama nta ya zamani, yamechacha.

Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Tui la nazi na mawese ni chakula cha wazee wetu, na mawese mekundu yana mali ya kutengenezea vitamini A. Hatusemi viachwe. Tunasema visiwe kila siku na kwa wingi, hasa kwa mwenye lehemu iliyopanda.

Mwisho, msiwanyime mafuta watoto wadogo. Tumepokea watoto waliokonda kwa sababu baba ana shinikizo, na nyumba nzima ikawekwa kwenye chakula cha baba. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ili akue na ubongo wake ujengeke. Baada ya miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, kijiko kidogo cha mafuta safi katika uji wake kinamfaa, na si lazima yawe ya aina ya bei kubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mafuta ya alizeti ni majimaji na samli huganda? Mweleze mwenzako kwa mfano wa kuni.
2. Rapa ya zamani ilifaa kwa meli, haikufaa kwa sufuria. Je, nyumbani kwetu kuna mafuta yaliyo mazuri kwa kazi moja na mabaya kwa nyingine?
3. Kwetu nani anaamua mafuta yanunuliwe gani? Je, anapima kwa kijiko?
4. Yupo ndugu aliyeacha vidonge vyake kwa sababu ya chupa ya mafuta? Nani kati yetu atamsindikiza kliniki wiki hii?